Supu Iliyokataa Kuua

Toronto, 15 Januari 1996

Kaka Orest,

Heri ya Krismasi yenu, ingawa imeshapita wiki nzima. Concetta wa chumba cha kuoshea vyombo ndiye aliyenikumbusha kwamba nyinyi wa kanisa la kalenda ya zamani mnasherehekea tarehe saba. Anasema kila mwaka ulikuwa ukimletea maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, na mwaka huu amebaki akimeza mate.

Mzee wako anaendeleaje? Nimepiga simu mara nne kumuulizia. Mara zote anapokea dada yako Halyna, ananiambia uko nje na ng'ombe. Ng'ombe gani hao wanaokaa nje kwenye baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri, mimi sijui. Nimezaliwa Sudbury kwenye machimbo ya nikeli, mambo ya mifugo siyaelewi.

Nakuandikia kwa ajili ya supu. Nimeitengeneza mara sita, kama daftari lako linavyosema: seli zenye afya, kinu cha kioo, kuzitwanga mara kumi na tano ndani ya maji ya sukari, kuzungusha kwenye mashine hadi machicha yatulie chini, kisha kuchukua maji ya juu. Nikavimwagia viini vya seli. Supu yako wewe ilivipasua viini ndani ya saa mbili, kana kwamba imevipelekea amri ya kufa. Yangu haifanyi kitu. Viini vinanitazama tu, vimenawiri kama maharusi.

Profesa Whitcombe ameshatangaza kwamba makala itatumwa mwezi wa nne, jina lako la kwanza na langu la pili. Tulikaa meza moja ya maabara miezi miwili tu kabla hujaondoka, na najua sikuona yote. Je, kuna jambo ulilokuwa ukilifanya ambalo hukuliandika? Hata liwe dogo, hata la kuchekesha. Niambie tu, sitamcheka mtu.

Wako,
Lorraine Vachon


Dauphin, Manitoba, 30 Januari 1996

Daktari Lorraine,

Samahani kwa kukuandikia kwa mashine ya chapa. Ilikuwa ya marehemu mama, na herufi zake nyingine zinaruka kama panzi, lakini inafanya kazi kuliko watu wengi ninaowafahamu.

Baba yupo yupo tu. Asante kwa kumuulizia.

Kuhusu supu, yote yamo daftarini. Nimefanya kazi kwenye ile meza miaka kumi na tisa, na kabla yako wamepita madaktari tisa. Kila mmoja aliniuliza swali lako, na kila mmoja nilimjibu hivyo hivyo. Angalia barafu isiyeyuke. Angalia seli zisiwe zimezeeka. Usipige gumzo wakati wa kutwanga. Ukiona hazijavunjika vizuri, ongeza kidogo.

Mwambie Concetta maandazi yatakuja mwakani, Mungu akipenda.

Orest Baranyk


Toronto, 21 Februari 1996

Kaka Orest,

"Ongeza kidogo." Kidogo ni kiasi gani? Kwenye daftari lako hakuna kidogo. Kuna kumi na tano, kumi na tano, kumi na tano, ukurasa hadi ukurasa. Nimeongeza mpaka ishirini. Hakuna kitu.

Basi nikalisoma daftari lenyewe, nikaacha kuangalia namba. Mwezi wa tatu mwaka jana mwandiko wako ni kama wa mwalimu wa darasa la kwanza, mtu anaweza kuusoma akiwa mlangoni. Mwezi wa sita umepungua. Kufikia Septemba, hapo hasa supu inapoanza kuua, herufi zimekuwa kama sisimizi: ndogo, zimebanana, na zinazidi kuwa ndogo kila mstari unapokaribia ukingo. Kalamu ni ileile na wino ni uleule. Mtu anayeandika siku kwa siku haandiki hivyo. Anayeandika hivyo ni mtu anayejaza kurasa nyingi kwa mkupuo mmoja, akiogopa nafasi isimwishie.

Sipendi kuyasema haya, lakini kuna jingine. Juzi nilimwambia Concetta kwamba umekwenda kumuuguza mzee wako. Akaacha kufuta chupa, akanitazama. "Mzee Petro? Si tulichangia maua alipofariki, mwaka ule wa tisini na moja?"

Kwa hiyo nakuomba unijibu kwa maandishi, na utie sahihi yako kwa kalamu. Kwanza, kurasa za Septemba na Oktoba ziliandikwa lini? Pili, nani mwingine aliiona supu ikiua? Tatu, kama mzee wako ni marehemu, nani anaumwa huko Dauphin?

Lorraine Vachon


Dauphin, 5 Machi 1996

Daktari Vachon,

Baba alifariki mwaka 1991. Nilidanganya. Sababu ni yangu mwenyewe na haihusiani na supu.

Maswali yako ya kwanza, ya pili na ya tatu nayafahamu sauti yake. Profesa Whitcombe hata akitaka sukari kwenye kahawa huuliza kwa namba. Nani anasoma barua zangu? Na hiyo sahihi ya kalamu mnaitakia nini?

Nimeshuhudia watu wakitolewa kwenye makala. Kwanza huulizwa kwa upole. Halafu huulizwa kwa maandishi. Halafu makala inatoka, jina halimo, na kila mtu anasema alidhani mtu huyo aliacha kazi zamani. Kama mnataka kuniita mwongo, niiteni kwa jina langu, msinizunguke kama paka na maziwa ya moto.

Supu iliua. Niliiona kwa macho yangu mara kumi na moja, na sikuhitaji mtu wa kunishikia darubini.

O. Baranyk


Toronto, 12 Machi 1996

Bwana Baranyk,

Barua zako nazisoma mimi peke yangu, kisha naziweka kwenye droo yangu ambayo ina ufunguo. Nashangaa umelifikiria jambo kama hilo.

Jana nimerudia mara ya kumi na nne. Waliosema kutwanga maji kwenye kinu walikuwa wakinizungumzia mimi. Kama una la kusema, huu ndio wakati wake.

L. Vachon


Dauphin, 2 Mei 1996

Daktari Lorraine Vachon,

Mimi ni Halyna, yule wa "yuko nje na ng'ombe". Hatuna ng'ombe. Tuliwauza wote baba alipokufa. Nilikuwa nakudanganya kwa sababu kaka yangu aliniomba, na mimi kaka yangu akiniomba jambo nalifanya. Hajui kwamba nakuandikia.

Jumanne imekuja bahasha ya chuo. Inasema kuna tume ya watu watatu inayochunguza kazi yake, na kwamba hatakiwi kukanyaga maabara mpaka imalize. Nyuma yake kuna nakala za barua zake, mbili zote, kila moja imegongwa mhuri wa ofisi ya profesa. Ile ya kwanza imegongwa tarehe tano Februari. Ulimwandikia mwezi wa tatu kwamba ziko kwenye droo yenye ufunguo. Droo hiyo ina milango mingapi, mama?

Orest alizisoma karatasi zote akiwa amesimama jikoni. Nikamuuliza ni nini. Akasema, "Nilijua." Akaenda kulala na viatu.

Sasa nikujibu lile swali lako la tatu, maana ulimuuliza nani anaumwa. Anaumwa yeye. Ni ugonjwa wa kutetemeka, ule wa Parkinson. Daktari wa Winnipeg alimthibitishia mwezi wa kumi na moja, lakini mkono ulianza kumkataa tangu kiangazi. Daktari alimpa kalamu, akamwambia aandike sentensi moja mara tano. Ya kwanza ilisomeka. Ya tano ilikuwa kama uzi uliodondoka mezani. Alituambia kuwa mwandiko kusinyaa ni dalili mojawapo ya ugonjwa huo. Wewe ni daktari wa seli, sivyo? Ugonjwa mzima ulikuwa mbele yako umeandikwa kwa wino, wewe ukasoma ughushi.

Hakutaka mjue. Anasema fundi wa maabara anayetetemeka huanza kuhurumiwa Jumatatu, Ijumaa akakabidhiwa kisanduku cha vitu vyake. Kwa hiyo alikuwa anawahi kazini kabla yenu. Anakibana kinu mezani kwa koleo la chuma, anaushika mchi kwa mikono miwili, anatwanga kwa uzito wa mwili wake wote, maana mkono mmoja haukuweza tena. Mara thelathini, mara arobaini, mpaka aone zimevunjika. Kwenye daftari anaandika kumi na tano, kwa kuwa ndivyo maelekezo yanavyotaka, na kwa kuwa aliona haya.

Huo ndio uongo wake wote. Upeleke kwenye tume, ukagongwe mhuri na huo.

Halyna Baranyk


Toronto, 20 Mei 1996

Kaka Orest, Dada Halyna,

Nawaandikia wote wawili ili asiwepo wa kufichwa.

Barua yako, dada, niliisoma nimekaa kwenye ngazi za nyuma ya jengo. Nilipomaliza sikurudi ndani. Nilikwenda nyumbani nikitembea, na sikumbuki nilipita wapi.

Nianze na langu. Profesa Whitcombe aliniita mapema Januari, akaniambia niandike barua ya upole, nimuulizie mzee, nikuulize ulichokuwa ukifanya, na kila jibu nimletee nakala. Yale maneno ya "sitamcheka mtu" yalikuwa yangu, lakini barua ilikuwa yake. Nilikubali kwa sababu mimi ni mgeni hapa na mkataba wangu unaisha Desemba, na kwa sababu supu yangu ilikataa kuua na nilitaka kosa liwe la mtu mwingine. Machi ulipouliza nani anasoma, nilidanganya bila kupepesa macho. Sasa mnajua.

Siku iliyofuata niliwahi kufika, kukiwa hakuna mtu. Nilikibana kinu kwa koleo. Nikatwanga kwa mikono miwili mara arobaini, mabega yakaniuma. Nikazungusha, nikachukua maji ya juu, nikavimwagia viini, nikakaa kwenye kiti chako. Baada ya saa moja na dakika arobaini vikaanza kupasuka. Nilirudia siku tatu mfululizo, na siku zote tatu vilipasuka.

Kisha nikafanya kitu ambacho sikuwahi kufikiria kukifanya: niliyaangalia machicha. Kwenye machicha yangu ya kutwanga mara kumi na tano, mitokondria ni nzima, zimelala kama maharage. Kwenye yale ya mara arobaini zimechanika, na kilichokuwa ndani yake kimemwagikia kwenye supu. Kaka, sote tulikuwa tukitafuta amri ya kufa ndani ya maji ya seli. Mitokondria tulizitupa kila siku, kwa kuwa tumefundishwa kwamba ni majiko tu: yanachoma chakula, yanatoa nguvu, basi. Nikazikusanya zilizo nzima, nikazipasua peke yake, nikachukua maji yake. Matone mawili nikayadondoshea kwenye supu yangu mimi, ile isiyoua.

Iliua.

Jiko ndilo linalotoa amri. Wewe uliliona hilo Septemba bila kujua unachokiona, na mimi nililikosa kwa sababu nilifanya kila kitu kwa usahihi.

Nilikwenda kwenye tume bila kuitwa. Niliwaeleza yote, na ugonjwa pia. Naomba radhi kwa hilo, sikupata njia nyingine. Whitcombe alikuwepo. Akasema, "Kwa hiyo aliandika uongo."

Nikamwambia, "Aliandika namba ya uongo. Alichokiona ni kweli."

Akasema katika sayansi hakuna uongo nusu. Nikamuuliza, basi ile barua ya Januari tuliyoiandika pamoja tuiite nini. Alikusanya karatasi zake.

Tafadhali niandikieni, hata kama ni kunitukana.

Lorraine


Toronto, 24 Julai 1996

Kaka Orest,

Miezi miwili bila neno. Sikulaumu.

Ningependa uyasikie haya kutoka kwangu kabla hujayasikia kwingine. Mwezi huu watu wa huko Marekani, kusini, wamechapisha. Wameonyesha kwamba protini inayokaa ndani ya mitokondria, ikitoka nje, ndiyo inayowasha amri ya seli kufa. Kazi yao ni safi na kamili, wameshaitambua protini hiyo kwa jina lake, wakati sisi tulikuwa na matone mawili kwenye bomba. Whitcombe aliisoma amesimama karibu na mashine ya kahawa, kisha akaingia ofisini akafunga mlango.

Nimehesabu miezi. Kuanzia Januari hadi Mei nilikuwa nikipima mwandiko wako kwa rula. Nilikuwa na rula, kaka, kweli. Kama Januari ningepanda ndege nikaja kukuuliza mbele ya macho yako, ungenionyesha mikono, na Februari tungekuwa tunaandika makala. Labda tungewahi. Labda tusingewahi. Siwezi kuacha kuifikiria hiyo labda.

Tume imemaliza. Wamekupa onyo kwa ajili ya ile namba, na wamefuta mengine yote. Unaweza kurudi, lakini si mezani; wanasema wanaweza kukutafutia kazi ya stoo. Mimi hawakunipa hata onyo, jambo ambalo Concetta ameliona. Ananipa vyombo visivyokauka na hanisemeshi.

Whitcombe anataka tuchapishe makala fupi, ya kuunga mkono ile ya wenzetu, jina lako likae chini kwenye shukrani. Nimekataa kumpa kurasa zangu. Amesema Desemba si mbali.

Lorraine


Dauphin, 9 Agosti 1996

Lorraine,

Halyna anaandika, mimi nasema. Nikisema jambo asilolipenda huandika lake, kwa hiyo soma kwa tahadhari.

Sijakusamehe. Nilijaribu mwezi wa sita ikashindikana, mwezi wa saba nikaacha kujaribu nikapalilia bitiruti. Hilo la kusimama mbele ya watu watatu na kuwatajia ugonjwa wangu lilinikata kuliko barua zote. Majirani hapa hawajui bado, na wewe umewaambia watu wenye tai. Halafu nafikiria kwamba kama usingesema, ningebaki mghushi. Nazunguka hapo hapo kila asubuhi, kama mbwa anayetafuta pa kulala.

Miezi mitano hiyo tugawane. Wewe ulificha macho ya mtu mwingine nyuma ya barua yako. Mimi nilificha mkono. Ningeandika arobaini mahali pa kumi na tano, ungeipata supu kwa siku moja na usingehitaji rula. Chukua miwili, mitatu ni yangu. (Yote ni yako, Lorraine. Halyna.)

Hao wa kusini nimewasoma. Halyna aliniendesha hadi Winnipeg, saa tatu na nusu kwenda, nikakaa maktaba na ile makala siku nzima. Nilikuwa nimekwenda kuwatafutia kosa. Sikulipata. Ni watu wazuri hao, walitazama machicha yao mapema kuliko sisi.

Lakini njiani tukirudi nilimwambia Halyna asimamishe gari, akadhani naumwa. Kuna jambo lilinijia. Mitokondria inapoitoa ile protini, imeambiwa na nani? Haikurupuki tu asubuhi moja ikaamua nyumba nzima ife. Lazima kuna habari inayoifikia kwanza. Inasikia kitu, inapima, ndipo inasema. Sasa inasikia nini? Daktari wangu anasema wanaanza kushuku kwamba mitokondria ndiyo iliyoharibika kwenye ubongo wa watu kama mimi. Huko seli zinakufa moja moja bila kutwangwa na mtu. Kwa hiyo swali hili silo la kuombea cheo. Nina haraka nalo.

Stoo siitaki. Mikono sina tena, lakini macho ninayo, na muda ninao zaidi ya profesa yeyote. Anza na seli zinazokaribia kufa ila hazijafa, uzivunje mara kumi na tano, kwa upole wako huo huo, uone mitokondria zake zimeshika nini kwa nje. Kisha nitumie daftari. Nataka kurasa zenyewe zilizomwagikiwa kahawa, siyo nakala uliyoisafisha. Uandike mara ulizotwanga kweli, na siku uliyochoka uandike kwamba ulichoka. Nitaishuku kila namba yako mpaka inithibitishie. Utaona uchungu wake, kisha utaona faida yake.

Kuhusu Whitcombe, jina langu nalitaka juu, pamoja na lako. Sikukaa kwenye meza ile miaka kumi na tisa ili nishukuriwe.

Akikufukuza Desemba, wako watu Winnipeg wanaofanya kazi kama hii, na si mbali na hapa kama Toronto. Halyna anasema kitanda kipo, lakini maandazi utayakunja mwenyewe.

Barua hii unaweza kumwonyesha Whitcombe ukitaka. Ila safari hii niambie kwanza.

Orest Baranyk